Bei Tutaieleza, Matusi Hatuyabebi

Sisi tunaotoa ilani hii ni madaktari wa mifugo, wataalamu wasaidizi, wahimilishaji na wauzaji wa dawa wenye vyeti. Tunafanya kazi Tanzania, kuanzia mabanda ya ng'ombe wa maziwa ya Rungwe na Hai hadi mazizi ya Kongwa na vibanda vya kuku vya Kibaha. Wamo pia wafugaji, na hao tuliwaomba wasome kila aya kabla haijapita, mbili wakazifuta. Harakati hii hatujaipa jina. Majina huzaa kofia, fulana na mwenyekiti wa maisha, nasi tumeona tuanze na kazi.

Kilichotukutanisha ni lawama juu ya pesa. Mnadani, kwenye kikao cha kijiji, kwenye kundi la simu la wafugaji wa kata, redioni asubuhi, maneno ni yale yale: daktari wa mifugo anakuja na sindano mbili, anaondoka na bei ya mbuzi. Baadhi ya lawama hizo ni za haki, na tutazijibu hapa hapa. Nyingine anatupiwa mtu asiyehusika nazo, na zimemwelemea.

Tunasema hivi. Bei ya tiba ya mifugo iliamuliwa mbali sana na zizi, lakini hasira yake inaishia zizini, na anayeipokea ni mtu mmoja mwenye begi na pikipiki ya mkopo. Tunataka bei ifunuliwe yote, kila mtu aione, na hasira ifikishwe kwa wanaostahili kuijibu.

Wazee wanamkumbuka bwana mifugo wa bure, na kumbukumbu yao ni ya kweli. Miaka ya baada ya Azimio la Arusha huduma ilikuwa mikononi mwa serikali. Josho lilitiwa dawa ya serikali, chanjo ililetwa na gari la serikali, na bwana mifugo alikuwa mtumishi mwenye mshahara. Mfugaji alilipa kidogo au hakulipa kabisa. Gharama ilikuwepo, ila ilipitia hazina. Mwaka 1986 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya tisini serikali ikajitoa hatua kwa hatua kwenye tiba, uogeshaji na uhimilishaji, ikajibakizia zaidi magonjwa ya mlipuko na usimamizi. Sera ya Kilimo na Mifugo ya 1997 ikaenda na mwelekeo huo. Kenya walikuwa wametangulia: tangu 1988 kijana aliyehitimu udaktari wa mifugo hakuwa tena na uhakika wa ajira ya serikali. Hayo yote yalijadiliwa kwenye kumbi. Wafugaji wengi habari waliipata siku walipomwita bwana mifugo kama kawaida, naye akaja na bei.

Tangu siku hiyo yeye ndiye sura ya uamuzi ambao hakuufanya.

Hata pale serikali inaporudi na msaada, maelezo hubaki nyuma. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Chanjo ya ng'ombe iliwekwa shilingi 500, ya kuku ikawa bure. Tunaiunga mkono kampeni hiyo bila kigugumizi, na wengi wetu tumechanja chini yake. Lakini zile 500 ni kile kilichobaki baada ya serikali kulipia sehemu yake. Wiki inayofuata daktari wa kujitegemea anataja bei ya chanjo nyingine, isiyo na ruzuku, na mfugaji anamtazama kama jambazi. Hatumlaumu mfugaji. Hajawahi kuonyeshwa bei kamili ya kitu chochote.

Basi tumwonyeshe. Tuanze na chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kwa kuwa ndiyo inayotuletea ugomvi mwingi kuliko zote. Ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, na siku hizi inatengenezwa Lilongwe, Malawi. Ndani yake mna vimelea hai, kwa hiyo husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hiyo hupotea kwa mvuke kila siku, umechanja hujachanja. Mrija mmoja una dozi 40 hivi. Ukishayeyushwa na kuchanganywa, una saa chache tu za kutumika. Kila ndama huchomwa sindano mbili, moja ya chanjo na moja ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili vimelea visimzidi nguvu, kisha huvishwa hereni.

Sasa kijiji kimeahidi ndama 40. Asubuhi wanaletwa 14, wengine wamepelekwa malishoni, wengine wenyewe wamesikia kwa jirani kwamba chanjo inaua. Dozi 26 zitamwagwa. Nani kazilipia? Daktari akizigawa juu ya wale 14, bei inapanda, na jioni kijiji kizima kinasema kaibadilisha akiwa njiani. Asipozigawa, kalipa mwenyewe, na mwezi ujao mtungi wake hauna naitrojeni. Tumeyaona yote mawili. Hili la pili ndilo limewafungisha kazi wengi, na halisemwi popote kwa sababu halina mtu wa kumkasirikia.

Uhimilishaji una kisa chake. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi anafaa kupandishwa jioni. Aliyeonekana jioni, kesho yake asubuhi. Mwenye ng'ombe akipiga simu kesho kutwa, mbegu bora kuliko zote kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River haitamsaidia. Hata saa ikiwa sahihi, si kila ng'ombe anashika kwa mrija wa kwanza. Dume naye hapati kila mara, ila dume hakuna anayemdai fedha zake zirudi.

Lakini ugomvi mzito kuliko yote ni ule wa ng'ombe aliyekufa, na hapo tunaomba msomaji akae nasi kidogo.

Homa inaanza Jumatatu. Mitoki iliyo chini ya sikio imevimba, ng'ombe hali vizuri, maziwa yamepungua. Jumanne mwenye ng'ombe ananunua chupa ya oksi dukani na kuchoma mwenyewe, kwa kipimo alichoambiwa na muuzaji. Jumatano jirani analeta mizizi. Alhamisi wanasubiri waone. Ijumaa usiku simu ya daktari inaita, na anapofika anakuta povu puani na pumzi za kukoroma. Dawa yenyewe ya ndigana kali, buparvakwoni, ni ghali, na hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mchanga. Mapafu yakishajaa maji, matumaini ni madogo. Daktari anasema hivyo. Mwenye ng'ombe anasema jaribu tu, daktari, Mungu yupo. Anajaribu. Alfajiri ng'ombe amelala ubavu, miguu imenyooka, na hapo ndipo bili inapotajwa. Swali linalofuata kila mmoja wetu ameshalisikia: nikulipe, kwani umeponya nini?

Hatulidharau swali hilo. Ng'ombe wa maziwa ni ada ya shule, ni dhamana ya mkopo, ni mahari ya kijana. Anayeuliza yuko msibani. Tatizo ni kwamba ile chupa daktari aliichukua kwa mkopo, na duka haliulizi kama ng'ombe alipona. Mafuta ya pikipiki yaliungua kwenda na kurudi. Tukikubali kwamba mnyama akifa hakuna malipo, tutakuwa tumekubali pia kwamba hakuna daktari atakayekwenda Ijumaa usiku. Atakwenda kwa wale tu wanaoonekana watapona. Mfugaji mmoja wa Kongwa, tulipolijadili hili, alisema angependa daktari anayelipwa hata akishindwa kuliko anayechagua wagonjwa. Wenzake hawakukubaliana naye wote. Tumeuacha mjadala huo wazi kati yetu, ila msimamo wa harakati ni kwamba kazi iliyofanyika inalipwa.

Kwa upande wetu kuna deni. Ushauri wa kuuza au kuchinja lazima utangulie sindano. Nyama ya mnyama aliyechomwa dawa haifai kuliwa mpaka siku za kusubiri zipite, na ng'ombe anayekufa kesho hana siku hizo. Daktari anayechoma kwanza na kusema ukweli baadaye amemnyima mfugaji nafasi ya kuokoa chochote, halafu anamletea bili. Hilo linafanyika. Wafugaji wenye hasira nalo wana haki, na katika harakati hii kufanya hivyo ni kosa.

Tuendelee na makosa yetu, maana ilani inayowasema wengine tu haina maana kusomwa. Wapo wanaochoma maji na kutoza dawa. Wapo wanaouza chanjo iliyokaa juani tangu asubuhi, wakijua. Wapo wanaopanga bei kwa kuangalia paa la nyumba: bati jipya, bei mpya. Wapo watumishi wanaotoza huduma ambayo mshahara wao umeshailipia. Wapo wanaotaja bei ng'ombe akiwa ameshafungwa kamba na mkono umeshaingia, wakati ambapo hakuna mtu anayeweza kukataa. Kundi hili si kubwa, lakini ndilo linalosimuliwa, na sisi wengine tumelilea kwa kunyamaza. Sheria ya Veterinari ya 2003 inalipatia Baraza la Veterinari mamlaka ya kuwaadhibu. Sisi ndio tunaowajua kwa majina na hatujawapeleka.

Na risiti. Ukimuuliza mfugaji lini mara ya mwisho alipewa risiti ya tiba ya ng'ombe, atacheka. Bila risiti kila bei ni tetesi.

Sasa tuseme juu ya waliojeruhiwa. Mwenzetu mmoja, msichana mwenye miaka mitatu kazini, aliitwa usiku kwa mtamba aliyeshindwa kuzaa. Alilala kifudifudi kwenye matope akitafuta mguu wa pili wa ndama uliojikunja nyuma, mkono wote ndani, na kila ng'ombe aliposukuma mkono uliminywa hadi ganzi. Ndama alitoka amekufa, mtamba alipona. Asubuhi picha yake, magwanda yamelowa damu hadi begani, ilikuwa kwenye simu za kata nzima, na chini yake kiasi alichotoza. Jina lake lilikuwepo, namba yake ilikuwepo. Simu za matusi zilikuja wiki mbili, nyingine za wanaume ambao hawajawahi kufuga hata bata. Alibadilisha namba, kisha akabadilisha kazi. Ile kata sasa haina daktari, ina duka la dawa.

Huko dukani ndiko gharama halisi ya matusi inakojificha. Kila daktari anayekimbia anaacha wafugaji wanaojichomea antibayotiki kwa kukisia, maziwa yanauzwa siku ile ile ya sindano, na wadudu wanazizoea dawa ambazo hata hospitali za watu zinazitegemea. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe zaidi ya milioni 33 nchini. Daktari mmoja wa kuwahudumia hukaa miaka 5 darasani Sokoine, Morogoro, na pengo lake halizibwi kwa tangazo la kazi.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halizungumzwi kwetu. Marekani watafiti wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa walipitia vifo vya madaktari wa wanyama kati ya 1979 na 2015. Waliona kwamba wanaume katika kazi hii walijiua kwa kiwango cha mara 2.1 ya watu wa kawaida, na wanawake mara 3.5. Sababu za mtu kufika huko ni nyingi na hatutazibana kwenye neno moja. Bili na matusi hayabebi yote. Tunachotaka ni hesabu hiyo ifanywe na hapa, na mtu aliyelemewa apate pa kusema. Pa kusema ni padogo katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inaliweka jaribio la kujiua kwenye makosa ya jinai. Anayetaka msaada anaogopa kituo cha polisi. Tunaungana na wote wanaodai kifungu hicho kifutwe.

Mjini ugomvi una sura nyingine, na hatutakaa hapo sana. Dar es Salaam mwenye mbwa wa ulinzi anaona ajabu kwamba upasuaji wa mbwa unazidi kodi ya chumba. Mbwa hana bima, nyuzi ni zile zile za hospitali, na ganzi ni ile ile. Uingereza wamefika mbali zaidi: Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilianza kuichunguza sekta hii mwaka 2023, ikaeleza kwamba bei zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, huku kampuni kubwa zikinunua kliniki moja baada ya nyingine. Kwao hasira ina kampuni za kuziandikia barua, na bado anayetukanwa kaunta ni daktari wa mshahara asiyepanga bei. Kwetu hata kampuni ya kuandikiwa hakuna.

Basi tunajifunga hivi. Bei itatajwa kabla ya kamba. Risiti itakuwa na mistari mitatu, dawa, usafiri na kazi, ili mfugaji anayeona usafiri ni mwingi aweze kukusanya majirani watatu tuje mara moja na waugawane. Mnyama asiyestahili gharama tutamsema kabla ya sindano, hata kama maneno hayo yanatukosesha siku. Anayechoma maji tutampeleka Barazani wenyewe, na hatutamsubiri mfugaji afanye kazi hiyo kwa niaba yetu. Wakubwa kwa vyeo na wadogo, daktari na msaidizi, tutaacha pia kusemana mbele ya wateja, ule mchezo wa "nani kakuchomea hivi?" umetuponza kuliko redio yoyote.

Mwenzetu akifiwa na mnyama kazini na kelele zikaanza, wawili kati yetu watafika kwake na kwa mwenye mnyama. Wataisoma risiti, na kama kakosea watasema kakosea hapo hapo.

Kwa serikali na halmashauri: ushuru unatozwa kila mnada, kwa kila kichwa, na afisa mifugo wa kata hana mafuta ya kufika kijiji cha pili. Tunataka sehemu ya ushuru huo itengwe kwa josho na usafiri wa tiba, na itangazwe kwenye ubao wa kijiji. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003, wakarudia Malabo 2014, kwamba asilimia 10 ya bajeti itakwenda kwenye kilimo na mifugo. Wabunge wa majimbo ya wafugaji waulize swali hilo kila bajeti badala ya kupigiwa makofi mkutanoni kwa kusema madaktari wa mifugo ni wezi. Na kila ruzuku itangazwe na bei yake kamili pembeni: hii ndiyo gharama, hiki kalipa serikali, hiki unalipa wewe.

Kwa wafugaji: tukosoeni. Leteni risiti kwenye kikao, tuiteni, tutakuja. Tusichokubali ni jina na namba ya mtu kutupwa barabarani, kutishwa kwa fimbo zizini, na lile la kumzuia daktari asiondoke na pikipiki yake mpaka arudishe fedha. Kwa waandishi wa habari ombi ni fupi: kabla ya kutangaza bei, ulizeni dawa ilikuwa ya kiasi gani.

Limebaki deni. Wengi wetu tuna daftari la madeni lililo nene kuliko daftari la wagonjwa, na bei mnayoiona imebeba ndani yake wale wasiolipa. Vyama vya ushirika vya maziwa nchini Kenya vimezoea kukata gharama za uhimilishaji na tiba kwenye malipo ya maziwa ya mwezi. Hakuna anayedaiwa mbele ya watoto wake, na daktari anajua tarehe yake. Tunataka utaratibu huo uanze popote penye kituo cha kukusanyia maziwa. Kwa wafugaji wa malisho, ambao fedha yao huja siku ya mnada, tutakaa nao tutafute njia yao. Ile ya ushirika wa maziwa haitawafaa, na tusijidanganye.

Kazi ya kwanza ni karatasi ya bei, moja kwa kila kata, ibandikwe ofisi ya kijiji, dukani na mnadani. Kiingilio hakuna. Daktari au msaidizi anayejiunga ataleta kitabu cha risiti chenye nakala, na atakubali mfugaji yeyote wa kata yake akifungue. Mfugaji anayejiunga ataleta orodha ya anachodaiwa na daktari wake, hata kama leo hana cha kulipa.